Barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya roboti: tuonyesheni uwanja mapema

Kwa waandaaji wa mashindano ya roboti, wajumbe wa kamati za kanuni, na ninyi nyote mnaoidhinisha ununuzi wa seti za roboti kwa shule na vilabu.

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni walezi wa vilabu, mafundi wa kujitolea na waundaji wa roboti ambao kazi hii tunaifanya kwa mapenzi. Nia yenu tunaiheshimu, na tunajua kuandaa mashindano si lelemama. Tuna dai moja, na yote yanayofuata yanatokana nalo: uwanja ni sehemu ya kipimo. Uwanja ukijengwa usiku wa kuamkia mashindano, bila vipimo vilivyoandikwa na kutangazwa, kinachopimwa kesho yake si kazi ya watoto tena. Ni pata potea yenye makombe.

Mfano mzuri upo tayari. Mchezo wa micromouse, ambamo roboti ndogo hujitafutia njia ndani ya mzingile hadi katikati, ulitangazwa na jarida la IEEE Spectrum mwaka 1977 na fainali yake ikafanyika New York mwaka 1979. Bado unachezwa, na sababu mojawapo ni kwamba mzingile wake unajulikana: vyumba 16 kwa 16, kila kimoja sentimita 18 kwa 18, kuta zenye kimo cha sentimita 5 na unene wa milimita 12. Mpangilio wa kuta ndiyo siri ya siku yenyewe, lakini vipimo viko wazi kwa kila mtu. Mwenye msumeno na rula anajenga vyumba vinne juu ya ubao, anafanya mazoezi, na akifika ukumbini roboti yake inakuta dunia ileile iliyoizoea. Sumo ndogo, ambamo roboti mbili husukumana kutoka nje ya ulingo, nayo ni hivyohivyo: gramu 500, sentimita 10 kwa 10, duara jeusi lenye kipenyo cha sentimita 77, ukingo mweupe wa sentimita 2.5, na sekunde 5 za kusubiri baada ya kubonyeza swichi. Hata kunata kwa magurudumu kuna kipimo: katika kanuni nyingi za sumo, roboti ikiwekwa juu ya karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba kisha ikainuliwa, isiibebe karatasi hiyo zaidi ya sekunde 2. Hapo refa hahitaji busara ya kipekee. Anahitaji karatasi.

Sasa linganisheni na maelezo ambayo vilabu hupewa kwa roboti za kufuata mstari: "Kutakuwa na mstari mweusi juu ya sakafu nyeupe." Basi, imekwisha.

Mweusi upi? Vihisi vilivyomo kwenye seti nyingi, vikiwemo vile vya TCRT5000, havioni rangi kama tunavyoiona sisi. Vinatoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, wa takriban nanomita 950 na kupima kiasi kinachorudi. Wino ambao jicho linauona mweusi tititi unaweza kuwa mweupe kabisa mbele ya mwanga huo. Wino wenye kaboni hufyonza infraredi. Lakini nyeusi inayopatikana kwa kuchanganya sayani, majenta na njano, pamoja na wino mwingi mwepesi wa printa za kawaida, huiacha infraredi ipite hadi kwenye plastiki nyeupe iliyo chini na kurudi juu kana kwamba mstari haupo. Bango la uwanja linatoka kwa mchapaji limenyooka, nembo za wafadhili zinang'aa, na roboti zinapotea mita ya kwanza moja baada ya nyingine. Mwalimu anaambiwa wanafunzi wake hawakujiandaa.

Kinga yake ni kazi ya dakika kumi. Kabla ya kuagiza bango zima, ombeni kipande cha sentimita 20 kilichochapwa kwa mashine ileile na wino uleule. Shikilieni kihisi milimita 3 juu yake, kikiwa kimeunganishwa na bodi ya kawaida ya kuendeshea roboti kama Arduino Uno ambayo husoma kuanzia 0 hadi 1023, na muandike thamani ya sehemu nyeupe na ya sehemu nyeusi. Kama tofauti haifiki 400, mwambieni mchapaji atumie wino mweusi mtupu wenye kaboni badala ya mchanganyiko wa rangi, au achaneni na kuchapa mstari na mbandike tepu nyeusi ya umeme juu ya bango jeupe. Tepu hiyo nayo ina tabia zake. Kwenye kona hukunjamana na kuinuka ukingo mmoja, kisha gurudumu dogo la mbele linaikwangua. Ikateni vipande vya sentimita 2 au 3, kila kimoja kikilalia kidogo mwisho wa mwenzake, na mpitishe kitu kigumu juu yake ili ishike.

Upana wa mstari nao si pambo. Safu za vihisi nane zinazotumiwa na vilabu vingi zina nafasi ya karibu milimita 9.5 kati ya kihisi na kihisi. Mstari wa milimita 19, ambao ndio upana wa kawaida wa tepu ya umeme, unaonwa na vihisi viwili kwa wakati mmoja, na hesabu ya kutafuta katikati ya mstari inatoka laini. Mkichora mstari wa milimita 10, mara nyingi kihisi kimoja tu ndicho kinauona na roboti inayumba kushoto kulia kama mlevi. Mkiuweka wa milimita 40, programu iliyoandikwa kutambua njia panda kwa kuona vihisi vingi vyeusi inadhani kila mahali ni njia panda. Kwa hiyo andikeni: upana wa mstari na kosa linaloruhusiwa, nusu kipenyo cha kona kali kuliko zote, kama kuna pembe mraba, kama mistari inakatana, kama kuna mapengo na urefu wake, na umbali mdogo kabisa kati ya mstari na ukingo wa meza. Mistari sita ya maandishi inatosha. Umbo kamili la njia mnaweza kulificha hadi asubuhi ya mashindano, hatuna neno.

Baada ya mstari ni mwanga, na hapa ndipo kumbi nyingi huharibu kazi. Jua lina infraredi tele. Balbu za waya unaowaka na taa za halojeni zina infraredi nyingi kuliko mwanga unaoonekana. Taa za kawaida za LED na za mirija zina kidogo sana. Kihisi kilichorekebishwa asubuhi pazia likiwa limefungwa kinapofuka alasiri, jua likiingia dirisha la magharibi na kuangukia kona moja ya meza. Mtu akija na mita ya mwanga na kuwahakikishia kuwa ukumbi una mwanga sawa kila mahali, mshukuruni lakini msimtegemee: mita hiyo hupima kile jicho la binadamu linachokiona, na tatizo letu liko nje ya hapo. Chukueni kihisi kilekile cha roboti, mzibe ile LED yake inayotoa infraredi kwa kipande cha foili, kisha msome kinachobaki kwenye pembe nne za meza na katikati. Kinachobaki ni mwanga wa ukumbi peke yake. Fanyeni hivyo siku moja kabla, saa ileile ambayo fainali itachezwa. Pembe moja ikitofautiana sana na nyingine, sogezeni meza au mzibe dirisha kwa kadibodi nene. Na mpiga picha mwenye taa za halojeni akae upande wa jukwaa la zawadi.

Kuhusu meza zenyewe, tutasema kwa ufupi. Mbao mbili zikipishana kimo kwa milimita 1 tu, kihisi kilichokuwa milimita 3 juu kinapoteza theluthi ya umbali wake, na mpira wa chuma ulio mbele ya roboti unagonga ukingo. Pigeni msasa kiungo au mtandike kitu kimoja juu ya meza nzima. Bango lililoviringishwa lifunguliwe siku moja kabla na kubanwa kingo, vinginevyo litabaki na matuta. Duara la sumo lenye mikwaruzo myeupe lipakwe rangi upya: roboti ikiona mkwaruzo katikati ya ulingo inadhani imefika ukingoni na inarudi nyuma, na mpinzani anashinda bila kufanya chochote. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya mapambano machache, na kila timu ipewe nafasi ya kufuta magurudumu kabla ya kuanza.

Umeme unatutia hofu kuliko yote, kwa sababu ndiko watoto hulaumiwa kwa kosa lisilo lao. Chukueni seti ya kawaida: betri nne za AA za kuchaji, za nikeli, volti 1.2 kila moja, jumla 4.8. Katikati yake na mota kuna draiva ya L298N, yaani kifaa cha kupeleka umeme kwenye mota kwa amri ya bodi, ambayo imejaa kwenye seti za bei ya chini. Draiva hiyo ni ya teknolojia ya zamani na hula karibu volti 2 mota zikivuta ampea 1. Zinazofika kwenye mota hazifiki hata 3. Mota zile za njano zenye gia za 1:48 zimetengenezwa kwa volti 3 hadi 6, hivyo roboti inajikokota, inakwama kwenye kona kali, na mwanafunzi anakesha akibadilisha programu isiyo na kosa lolote. Draiva kama TB6612FNG, inayobeba ampea 1.2 mfululizo kwa kila mota, hupoteza karibu robo tu ya kiasi hicho kwa mzigo uleule. Badiliko hilo moja hufanya zaidi ya wiki nzima ya kurekebisha programu.

Ile betri ya mstatili ya volti 9 ndiyo mbaya kupita zote. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa: mota mbili zikianza kuzunguka kwa pamoja volti zinaporomoka, bodi inazimika na kuwaka upya, na roboti inaonekana kama inashtukashtuka kila inapotaka kuondoka. Dalili hiyohiyo hutokea servo ndogo ya SG90 (mota inayogeuka hadi pembe inayoagizwa) ikichukua umeme kutoka kwenye pini ya volti 5 ya bodi iliyounganishwa na kompyuta. Servo ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya miliampea 600, ilhali njia ya USB ya bodi ya Uno ina kinga ya miliampea 500. Mota na servo zipewe njia yake ya umeme, waya hasi wa pande zote uunganishwe pamoja, na kapasita ya mikrofaradi 470 au zaidi iwekwe karibu na draiva. Hayo yaandikwe kwenye kijitabu mnachowapa washiriki, mahali pa picha ya mgeni rasmi.

Tunajua baadhi yenu mmepiga marufuku betri zote za lithiamu. Tunaielewa hofu hiyo, lakini marufuku inawarudisha watoto kwenye betri dhaifu na kuwaacha wale wenye fedha wanunue betri mpya za alkali kwa kila raundi. Pendekezo letu ni kuziruhusu chini ya masharti yanayokaguliwa. Kila seli isizidi volti 4.2 ikijaa na isishuke chini ya 3.0. Chaja iwe inayosawazisha seli. Kasi ya kuchaji isizidi ujazo wa betri yenyewe, yaani betri ya miliampea-saa 1,000 ichajiwe kwa ampea 1. Kuchaji kufanyike kwenye meza moja yenye mtu mzima asiyeondoka, ndoo ya mchanga ikiwa kando. Betri iliyovimba haiingii ukumbini, hata kwa dakika moja, hata mwenyewe akiapa kwamba imekuwa hivyo miezi yote. Na seli za 18650, zile za lithiamu za umbo la silinda, zisibebwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Ziwe na kasha.

Mkishaandika hivyo, ratiba yenu lazima iliheshimu sharti la kuchaji. Betri ya lithiamu kwa kasi hiyo inachukua zaidi ya saa moja kujaa. Mkipanga raundi tatu ndani ya saa moja na nusu, timu yenye betri moja imeshindwa kabla ya kuanza. Tangazeni nafasi kati ya raundi ili kila timu ijue ije na betri ngapi. Soketi zihesabiwe pia: kila timu ina kompyuta na chaja, kwa hiyo timu 20 ni soketi 40 na mzigo unaoweza kukaribia wati 2,000. Huo hauingii kwenye ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, ingawa ndivyo tunavyokuta.

(Na hotuba za ufunguzi, tafadhali, ziwe kabla ya roboti kuwekwa mezani na kuwashwa. Mgeni rasmi mwenye mengi ya kusema amekwishamaliza betri nyingi.)

Mawasiliano yasiyo ya waya huharibika kwa namna ambayo inaonekana kama mzaha. Moduli ya Bluetooth ya HC-05 inatoka kiwandani ikiitwa HC-05 na namba yake ya siri huwa 1234. Timu kumi zikifika na moduli kumi, simu ya kila mmoja inaonyesha HC-05 mara kumi, na kijana anashika usukani wa roboti ya jirani. Kwenye ukaguzi, moduli iwe imebadilishwa jina kwa amri ya AT+NAME na namba ya siri kwa AT+PSWD. Moduli nyingi za aina hii, zikiwa katika hali ya amri, huzungumza kwa kasi ya 38400. Asiyejua asaidiwe palepale, ni kazi ya dakika tano. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Roboti zinazoongozwa kwa Wi-Fi zigawiwe njia hizo kwa zamu, na watazamaji waombwe kuzima hotspoti za simu. Kwa vihisi vya sauti vya HC-SR04, ambavyo vyote hupiga kwa kilohezi 40, tenganisheni ulingo na ulingo, kwa kuwa kihisi hakijui kama mwangwi unaorudi ni wake au wa jirani.

Ukaguzi wa vipimo uwe kazi ya vifaa. Jengeni boksi lisilo na kitako lenye upana wa ndani unaolingana na kanuni: roboti ikipita bila kusukumwa imepita. Mizani iwe ya kuonyesha gramu 1, ipimwe kwanza kwa kitu chenye uzito unaojulikana, na iachwe wazi kwa timu zote saa moja kabla ya ukaguzi rasmi. Roboti ya gramu 498 kwenye mizani ya klabu ikisoma 503 kwenye yenu, kijana anatakiwa kujua hivyo akiwa bado na muda wa kutoa skrubu mbili na kipande cha plastiki. Semeni mapema kama roboti inapimwa na betri ndani; mabishano mengi ya meza ya ukaguzi yangeisha hapo.

Kuhusu alama, tuna matatu.

Saa ya mkononi haina uwezo wa kutenganisha mshindi wa sekunde 14.21 na wa 14.30. Mkono wa binadamu huchelewa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kuitikia anachokiona, na hauchelewi kwa kiasi kilekile kila mara. Geti la mwanga lenye kihisi kimoja mwanzoni na kimoja mwisho linajengwa kwa vifaa vilevile vya seti ya roboti. Wapeni klabu moja kazi hiyo mwezi mmoja kabla. Kama hamna, wekeni watunza saa wawili, mchukue wastani, na tofauti kati ya timu na timu isiyozidi sehemu tatu za kumi ihesabiwe sare na raundi irudiwe.

Elezeni maana ya kutoka mstarini. Ni kihisi kilichotoka, au mwili mzima wa roboti? Je, saa inaendelea? Je, roboti inarudishwa ilipotokea, au mwanzo? Refa wawili wenye tafsiri mbili kwenye meza mbili wameshatoa washindi wawili wa mashindano mawili tofauti.

La tatu ni majukumu yasiyowezekana kwa vifaa mlivyowapa wenyewe. Kumwambia mtoto roboti yake iende mbele mita 2 bila kukengeuka, ilhali seti haina vihisi vya kuhesabu mzunguko wa magurudumu, ni kumpa bahati nasibu. Mota mbili za njano kutoka mfuko mmoja hazizunguki sawa. Unaweza kupunguza nguvu ya iliyo na kasi hadi roboti inyooke, lakini betri ikishuka kidogo uwiano unabadilika. Wekeni ukuta wa kufuata au mstari wa kurejea, au mtoe seti zenye vihisi hivyo.

Kuna suala la roboti zilizojengwa na watu wazima, ambalo hunong'onwa kila mwaka na halishughulikiwi. Mahojiano marefu hayasaidii, maana majibu hukaririwa. Mwambieni mwanafunzi apunguze kasi ya roboti kwa nusu, apakie programu, na aionyeshe ikitembea. Dakika tano, kompyuta yake, bila mlezi pembeni. Aliyeandika anajua mstari wa kubadilisha ulipo. Aliyeandikiwa anaanza kuteremsha ukurasa juu na chini.

Sasa tugeukie ununuzi, na hapa tunasema na wenye kalamu ya kusaini. Ripoti hupendeza ikisema seti nyingi zimegawiwa. Lakini seti isiyo na vipuri huwa na maisha ya muhula mmoja. Tunajua kitakachoharibika, kwa sababu ni kilekile kila mahali. Vibati vya shaba vya mota ya njano, ambapo waya huunganishwa, ni vyembamba kama karatasi na hukatika waya ukivutwa. Gia za plastiki za servo ya SG90 hung'oka meno mtoto akiigeuza kwa mkono. Waya za kuchomeka hulegea, na roboti inayotikisika inazipoteza katikati ya mbio. Kebo za USB hupotea, na zinazoletwa badala yake mara nyingi ni za kuchaji simu tu, hazipitishi data, hivyo kompyuta haioni bodi hata kidogo. Kwa wanafunzi 30, msinunue seti 10. Nunueni 8, na kwa fedha iliyobaki leteni mota 8 za ziada, servo 8 za MG90S zenye gia za chuma, draiva 4, kebo 6 zilizojaribiwa, multimita 2, vichomeo 2 vya solda, roli moja ya solda ya milimita 0.8 na gundi ya moto. Waya wa mota uunganishwe kwa solda, kisha ufungwe kwenye mwili wa mota kwa kibanio cha plastiki ili ukivutwa nguvu isifike kwenye kibati.

Betri zihesabiwe mara mbili. Roboti 8 zenye betri nne ni betri 32, kwa hiyo nunueni 64, na chaja zinazochaji kila betri peke yake. Ziandikwe kwa kalamu isiyofutika: A1 hadi A4, B1 hadi B4, na kuendelea, na zile nne zisitenganishwe. Betri mpya ikichanganywa na tatu zilizochoka, moja iliyo dhaifu kuliko zote huisha mapema na zilizobaki huendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume hadi ife kabisa. Kisha mlezi anatupa zote nne kwa kudhani zimeisha kwa pamoja.

Kompyuta nazo zina jambo lake. Bodi nyingi zinazofanana na Uno hutumia chipu ya CH340 kuwasiliana kwa USB, na baadhi ya kompyuta huhitaji draiva yake, yaani programu ndogo ya kuitambua, isakinishwe. Kompyuta ya shule ikiwa imefungwa kwa nywila na msimamizi hayupo, kipindi kizima kinaishia hapo. Msimamizi asakinishe programu na draiva wiki moja kabla ya seti kufika, na programu iwe inayofanya kazi bila intaneti. Tunawasihi pia msijifunge kwa mtengenezaji mmoja. LEGO ilianza kuuza Mindstorms mwaka 1998, ikaifanya kuwa jina la kwanza katika fani hii, na mwishoni mwa 2022 ikasitisha uzalishaji wake. Seti hizo ni nzuri na nyingi bado zinatembea, lakini kipuri chake mara nyingi huwezi kukibadilisha na cha kawaida cha mtengenezaji mwingine. Bodi yenye mchoro wa wazi, mota za kawaida na skrubu za M3 (za milimita 3) zitapatikana hata jina lililoandikwa kwenye boksi likipotea.

Mwisho, mikutano ya wapenzi wa roboti isiyo ya mashindano. Mnaiona kama nyongeza. Sisi tunaona ndiko watu hujifunza. Haihitaji jukwaa. Inahitaji meza imara, soketi, meza moja ya matengenezo yenye hewa inayopita na watu wasiozidi wawili kwa kila kichomeo, maji na sabuni kwa waliogusa solda yenye madini ya risasi, na uwanja uleule wa mashindano ukiwa umetandikwa siku nzima bila saa wala refa.

Tunayoomba mfanye kabla ya mashindano yajayo ni haya. Tangazeni kanuni wiki nane kabla, zikiwa na tarehe na namba ya toleo, na kila badiliko lionyeshwe lilipo. Ambatisheni mchoro wa uwanja wenye vipimo kwa milimita na faili la kuchapishia. Jibuni maswali ya timu moja mahali ambapo timu zote zinasoma. Tengeni saa mbili za mazoezi juu ya meza halisi, kwa zamu za dakika kumi, asubuhi ya mashindano. Na baada ya zawadi kutolewa, uwanja usivunjwe kwa saa moja, ili aliyeshindwa kwenye kona ya tatu aweze kujaribu tena akijua sasa tatizo lilikuwa nini. Wapo kati yetu walio tayari kuja siku moja kabla na kihisi, foili na rula. Tuiteni.

Wenu,
Walezi wa vilabu, mafundi na waundaji wa roboti